Upitishaji joto na uchaguzi wa metali ya ganda la tochi ya mfukoni

Upitishaji joto ni uwezo wa kitu kusafirisha joto kutoka upande wake wa moto kwenda upande wa baridi, na kwa tochi ndogo ya mfukoni huu ndio ungepaswa kuwa mwanzo wa kuchagua metali ya ganda, kabla ya rangi na hata kabla ya bei. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia katika taa ya LED hugeuka joto, si mwanga. Joto hilo lisipopata njia ya kutokea, taa hufifia na umri wake hupungua.

Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kelvini, ambapo namba kubwa humaanisha joto hupita kwa urahisi zaidi, shaba nyekundu safi hufikia karibu 400, aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini iitwayo 6061 ina takriban 167, shaba njano kama 120, chuma kisichoshika kutu 16 hivi, na titani ya daraja la 5 takriban 7 tu. Kwa hiyo titani, pamoja na uimara wake wote, huliacha joto likijikusanya kichwani mwa tochi, na mimi ningeipendekeza kwa tochi ya mwanga mdogo peke yake.

Shaba nyekundu ingeshinda, lakini sentimita moja ya ujazo ina uzito wa karibu gramu 9, wakati alumini haizidi 2.7, na mfuko wa kanzu huonyesha tofauti hiyo mara moja.

Dar es Salaam inaongeza jambo la pili, yaani chumvi. Anayevuka kila siku kwa kivuko cha Kigamboni, tochi ikiwa mfukoni pamoja na jasho, ataona shaba ikigeuka kahawia na hatimaye kijani. Titani haidhuriki. Alumini hulindwa na utando mgumu wa oksidi uliojengwa kwa umeme, ila utando ukichubuka pale kibanio cha mfukoni cha chuma kisichoshika kutu kinapogusa ganda, maji ya chumvi huzifanya metali hizo mbili kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa, ikiacha unga mweupe. Hata hivyo, kwa jiji hili naichagua alumini yenye utando huo: ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, na nyuzi za kukazia kifuniko cha nyuma zipakwe grisi ya silikoni.