Kabla Hujaomba Kusomea Uchunguzi wa Eneo la Tukio

Kila msimu wa udahili unapofunguliwa, meza yangu haikosi kijana mwenye swali lile lile: nisome nini ili niwe yule mtu wa koti jeupe anayechukua alama za vidole? Nami humuuliza anaijuaje kazi hiyo. Hapo husimuliwa tamthilia: mchunguzi kafika usiku, kaokota unywele, kaupeleka maabara, kauweka mwenyewe kwenye mashine, na kabla kipindi hakijakwisha keshamtia mtu pingu. Mtu huyo hayupo. Ni watu watano au sita waliounganishwa wakawa mmoja ili hadithi ikimbie, na anayechagua masomo kwa kumtazama yeye hujikuta amesomea kazi ambayo hakuna anayeiajiri.

Tuwatenganishe basi. Mchunguzi wa eneo la tukio hupiga picha, hupima, huchora, hutafuta, hukusanya na kufungasha vielelezo. Mwanasayansi wa maabara hupokea kifurushi kilichofungwa na kupigwa muhuri, na mara nyingi hajawahi hata kuona nyumba kilikotoka. Mpelelezi ndiye anayehoji watu na kukamata. Daktari wa uchunguzi wa maiti ndiye anayeeleza chanzo cha kifo. Kila mmoja ana njia yake ya kufika alipo, na njia hizo huachana mapema kuliko wanafunzi wanavyodhani.

Katika nchi nyingi anayekwenda kwenye tukio ni askari polisi aliyepewa mafunzo ya ziada. Kwingine, Uingereza ikiwa mfano mmoja, wengi wa wachunguzi hao ni raia walioajiriwa na polisi. Jambo hili lina uzito kuliko jina la shahada. Ukiwa mahali ambapo kazi hiyo ni ya askari, shahada nzuri namna gani haikufikishi kwenye utepe wa polisi kama hukupita kwanza kwenye usaili wa jeshi lenyewe, pamoja na masharti yake ya umri na afya. Kwa hiyo kabla ya kufungua orodha ya vyuo, uliza nani anaajiri unakoishi na anataka nini. Tangazo moja la ajira la mwaka jana litakufundisha zaidi ya vipeperushi kumi vya vyuo.

Sasa kazi yenyewe. Chuoni tuna chumba cha mazoezi: kitanda, meza, kiti kilichoanguka, bilauri iliyobaki na maji kidogo, na doa jekundu la kutengeneza kwenye zulia. Mwanafunzi hupewa kalamu, karatasi na kamera, na kwa nusu saa ya kwanza haruhusiwi kugusa kitu. Miaka kadhaa iliyopita aliingia kijana aliyekuwa anaongoza darasa kwa alama za kemia. Hatua ya tatu, akainama, akakisimamisha kile kiti ili apate njia. Alikisimamisha kwa adabu kabisa, kama mtu aliyelelewa vizuri. Kile kiti ndicho kilikuwa kitu pekee chumbani kilichoonyesha mtu alikimbilia upande gani, na tayari kilikuwa kimesimama wima, safi, hakisemi kitu. Sikumfokea. Nilimwambia aandike kwenye daftari lake saa na dakika aliyokisogeza, na kwa nini, kwa sababu hata kosa likiandikwa linaweza kuelezwa mahakamani. Kosa lililofichwa ndilo linaloua kesi.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Eneo la tukio huingiwa likiwa zima mara moja tu. Ukishatembea ndani yake limebadilika, na hutalirudisha. Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910 katika vyumba viwili vya darini, ndiye anayehusishwa na kanuni inayofundishwa hadi leo: vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Wanafunzi huipenda kanuni hii kwa sababu wanamfikiria mhalifu. Husahau kwamba inamhusu mchunguzi pia. Viatu vyake, nywele zake, mate yanayomtoka akiongea, vyote huingia chumbani pamoja naye. Barakoa na glovu anazovaa zinamkinga yeye, na zinakilinda chumba dhidi yake.

Picha hufuata mpangilio. Kwanza za mbali, zinazoonyesha chumba kizima kutoka kila pembe. Kisha za kati, zinazoonyesha kisu kiko umbali gani na mlango. Mwisho za karibu, na hizi hupigwa mara mbili, bila rula na pamoja na rula. Rula inaonyesha ukubwa. Ile isiyo na rula inamthibitishia wakili wa utetezi kwamba rula haikuwekwa juu ya kitu usichotaka akione. Mchoro wenye vipimo hufuata, na hapo ndipo wengi hulegea, kwa kuamini kamera imekwisha kazi. Picha haisemi dirisha liko sentimita ngapi kutoka sakafuni.

Kufungasha nako ni sayansi, ingawa hakuna anayekutengenezea tamthilia juu yake. Shati lenye damu mbichi halitiwi kwenye mfuko wa plastiki. Unyevunyevu ukifungiwa ndani, ukungu na bakteria hula vinasaba, yaani DNA, kabla sampuli haijafika maabara. Hukaushwa, kisha huwekwa kwenye mfuko wa karatasi. Lakini mabaki ya nyumba inayodhaniwa kuchomwa kwa petroli hutaka kinyume chake: kopo la bati lisilopitisha hewa, kwa sababu mvuke wa mafuta ndio ushahidi wenyewe na karatasi ingeuachia upotee. Juu ya kila kifurushi huandikwa namba ya kesi, namba ya kielelezo, tarehe, saa na jina la aliyekichukua, na sahihi hupita juu ya utepe uliofungia. Kila anayekipokea baada ya hapo huandika jina lake. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, hata kielelezo kilichopimwa kwa mashine bora kabisa kinaweza kukataliwa.

Nirudi kwenye swali la kijana: nisome nini? Jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi, na huwa haliwafurahishi. Soma sayansi ya msingi kwanza. Chuo Kikuu cha Lausanne, nchini Uswisi, kilianzisha shule ya sayansi ya polisi mwaka 1909, na mwanzilishi wake, Rodolphe Archibald Reiss, alikuwa mkemia aliyebobea katika upigaji picha. Mpaka leo sijaona mchanganyiko bora kuliko huo. Unga unaopakwa kwenye alama ya kidole hushika jasho na mafuta ya ngozi; hiyo ni kemia. Karatasi haichukui unga vizuri, kwa hiyo hutiwa dawa iitwayo ninihidrini, ambayo hukutana na amino asidi za jasho na kuleta rangi ya zambarau, kemia tena. Luminoli, kemikali nyingine, ikinyunyizwa gizani hung'aa rangi ya buluu inapokutana na damu, hata iliyofutwa. Asiyejua kemia hushangilia hapo. Anayeijua hukumbuka kwamba luminoli hung'aa pia kwa dawa za klorini za kufanyia usafi na kwa shaba, kwa hiyo huandika "huenda ni damu" na kuipeleka sampuli maabara. Kati ya mchunguzi wa kwanza na wa pili kunaweza kulala maisha ya mtu.

Ukitaka maabara, shahada ya kemia, biolojia ya molekuli au jenetiki, yenye masomo ya jinai juu yake, mara nyingi hukufungulia milango zaidi ya shahada yenye jina la kuvutia lakini saa chache za maabara. Ukitaka eneo la tukio, kozi ya sayansi ya jinai yafaa, ila ikague. Uliza kama wana chumba cha mazoezi kama kile chetu. Uliza wanafunzi wanashika brashi mara ngapi kwa muhula. Nimesahihisha kazi za wanaojua historia yote ya alama za vidole lakini wakipewa brashi wanaisugua kana kwamba wanang'arisha kiatu, na mistari ya alama inafutika mbele ya macho yao. Brashi hupita juu juu, ncha za manyoya tu, kwa kufuata mkondo wa mistari inapoanza kujitokeza. Mkono huo haupatikani kwa kusoma.

Usikimbie takwimu. Najua wengi huchagua kozi hii wakidhani wamekimbia hesabu, na hilo ndilo kosa ninalolisikitikia zaidi. Chukua mfano. Maabara inasema vinasaba vilivyopatikana kwenye tukio vinafanana na vya mtuhumiwa, na kwamba uwezekano wa mtu mwingine yeyote aliyeokotwa kwa bahati kufanana navyo ni mmoja katika milioni. Mtu asiye na takwimu husema basi uwezekano wa mtuhumiwa kuwa hana hatia ni mmoja katika milioni. Si kweli. Katika eneo lenye watu milioni tano wangetarajiwa watu kama watano wenye kufanana hivyo. Kama hakuna ushahidi mwingine, yeye ni mmoja wa hao. Hesabu ni ile ile, maana zimeachana kama mbingu na ardhi, na wapo waliofungwa kwa kuchanganya maana hizo mbili.

Vinasaba vyenyewe viliingia katika upelelezi baada ya Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester kugundua njia ya kuwatofautisha watu kwa vinasaba mwaka 1984. Watu hukumbuka kwamba kesi ya kwanza kubwa ilimnasa muuaji wa wasichana wawili nchini Uingereza. Mimi huwakumbusha wanafunzi kwamba kabla ya kumnasa, kipimo hicho kilimsafisha kijana aliyekuwa amekwisha kukiri mojawapo ya mauaji hayo. Alikiri, na hakuwa yeye.

Kisa ninachokipenda darasani, ikiwa neno kupenda linafaa, ni cha Ujerumani. Mwaka 2007 askari polisi mwanamke aliuawa mjini Heilbronn. Vinasaba vya mwanamke asiyejulikana vilipatikana hapo, na ikaonekana ni vile vile vilivyookotwa kwenye matukio mengine kama 40 nchini Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji, wizi, uvunjaji. Polisi walimsaka mwanamke huyo kwa miaka. Mwaka 2009 wakamfahamu: alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kinachohusika na vijiti vya pamba vinavyotumika kuchukulia sampuli. Hakuua mtu. Alivigusa tu vijiti. Vilikuwa vimetakaswa, na hapo ndipo somo lilipo: kutakasa huua vijidudu, hakuondoi vinasaba. Tangu 2016 kuna kiwango cha kimataifa, ISO 18385, kinachowahusu watengenezaji wa vifaa hivyo. Ninapomwona mwanafunzi anakariri kwamba vinasaba havidanganyi, humpa kijiti cha pamba na kumwambia anieleze kilikotoka.

Alama za vidole nazo zina heshima yao ya zamani. Mwaka 1892, mjini Necochea nchini Argentina, alama ya kidole chenye damu kwenye mlango ilimfanya mama akiri kuwaua watoto wake wawili, baada ya kumsingizia jirani. Mfumo wa kutambua alama uliotumika ulikuwa wa Juan Vucetich. Mpelelezi aliukata ubao wa mlango akaondoka nao. Sijui ufungashaji bora kuliko huo. Lakini baada ya milipuko ya treni mjini Madrid mwaka 2004, wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walisema alama iliyokuwa kwenye mfuko wa plastiki ni ya wakili mmoja wa Marekani. Mtaalamu wa nje naye akakubaliana nao. Wakili alishikiliwa kama wiki mbili, mpaka polisi wa Hispania walipoonyesha kuwa alama ni ya mtu mwingine kabisa. Mtaalamu wa pili akishajua wa kwanza kasema nini, jicho lake haliko huru tena. Mwaka 2009 ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ilisema wazi kwamba, ukiacha uchambuzi wa vinasaba vya kiini cha seli, hakuna mbinu nyingine ya uchunguzi wa jinai iliyokuwa imethibitishwa vya kutosha kumhusisha mtu mmoja mahususi na ushahidi kwa uhakika wa hali ya juu. Chuo kisichokufundisha habari hizi kinakuandaa kuaibishwa kizimbani.

Na kizimbani utafika. Utaulizwa jambo ulilolifanya miaka mitatu nyuma, saa nane za usiku, na kitakachokuokoa ni daftari. Jifunze kuandika sentensi inayosema ulichokiona bila kuongeza ulichokidhani: "matone saba mekundu, kubwa lina milimita sita", wala si "damu ya marehemu". Jifunze pia kuitamka mbele ya watu wasio na sayansi bila kuwadharau.

Siwezi kumaliza bila kugusa upande ambao vipeperushi huupita. Sehemu kubwa ya miito si mauaji. Ni nyumba zilizovunjwa na magari yaliyoibwa, moja baada ya jingine, magoti yakiuma. Ile iliyo mauaji ina harufu, na harufu hukaa kwenye nguo na kichwani. Utamwona mtoto. Utarudi nyumbani na hutaruhusiwa kusimulia. Muulize mwajiri wako wa baadaye wana utaratibu gani wa kumsikiliza mfanyakazi baada ya tukio zito, na akicheka, lichukulie hilo kuwa jibu.

Yule kijana wa kiti alihitimu. Alinitembelea mara moja, nikamwona anasimama mlangoni kwa muda, mikono nyuma, akiangalia chumba kabla ya kuingia. Kisha akaniuliza kama anaweza kukaa.