Upya wa mashine za midundo hauko kwenye sauti

Kila mashine mpya ya midundo ikitoka, maprodyuza vijana wa hapa Mbeya huniuliza: kuna jipya, au ni 808, ile mashine ya zamani ya Roland, iliyobadilishwa boksi? Nimeishi na hivi vyombo miaka mingi na jibu langu ni hili: kwenye sauti hakuna jipya kubwa. Jipya liko kwenye muda na kwenye kidole, na kwa muziki wetu wa Nyanda za Juu Kusini hilo lina uzito kuliko sauti.

Sauti kwanza, tuimalize. Roland walitoa TR-808 mwaka 1980 na TR-909 mwaka 1983. Mwaka huohuo wa 1980 Roger Linn alileta LM-1, mashine iliyopiga ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali. Mwaka 1983 Yamaha wakaja na kinanda cha DX7, kilichotumia FM, mbinu ya kutengeneza sauti kwa wimbi moja kulitikisa jingine, aliyoibuni John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Chukua karibu mashine yoyote ya leo, isikilize kiki yake, yaani ngoma yake kubwa: utakuta imetoka kwenye moja ya koo hizo tatu. Behringer RD-8 ya 2019 ni nakala ya 808 bila kificho. Roland wenyewe waliirudia kwa njia ya dijitali kwenye TR-8 ya 2014 na TR-8S ya 2018. Sioni ubaya. 808 za asili zilikuwa kama 12,000 tu, na kijana wa Makambako asingeigusa hata moja. Bei kushuka ni jambo la kheri, ila ni suala la soko, si la ubunifu.

Sasa muda, na hapa naomba tukae kidogo.

Mashine nyingi hugawa mdundo kwenye stepu 16, yaani vipande 16 vya muda vilivyo sawa, nne kwa kila pigo. Sikiliza makofi ya akina mama kwenye sherehe huko Rungwe ngoma inapokolea: mara nyingi mzunguko una mapigo 12. Miguu inayahesabu matatu-matatu, mikono inayahesabu mawili-mawili, na utamu wote umo katika kule kupishana. Ukiyalazimisha makofi hayo yakae kwenye stepu 16, yanakufa. Ndiyo maana nyimbo nyingi za asili zilizorekodiwa upya studio zinasikika zimekakamaa, ingawa waimbaji ni walewale.

Kuhesabu 12 si jambo jipya. 808 yenyewe ilikuwa na swichi ya kuchagua mgawanyo wa tatu-tatu. Swingi, yaani kuchelewesha baadhi ya stepu ili mdundo uyumbe, nayo ni ya zamani, tangu LM-1. Ukiiweka asilimia 50 stepu zinalingana, ukiisogeza hadi kama 66 unapata tatu-tatu. Lakini swingi huchelewesha kila stepu ya pili kwa kiasi kilekile. Watu hawapigi makofi hivyo. Kofi moja huwahi, la pili hukaa, la mwisho huburuzwa, na kila kijiji kina namna yake ya kuburuza.

Ndiyo sababu nasema mashine ya midundo ya Elektron Digitakt ya 2017 ilileta kitu cha maana mikononi mwa mtu wa kawaida, ingawa sehemu za mawazo yake zilikuwepo kabla. Unasogeza kila pigo peke yake, mbele au nyuma, kwa kipande kidogo cha stepu. Kila traki, yaani mstari wa chombo kimoja, inakuwa na urefu wake na kasi yake. Weka ngoma kubwa stepu 16, kayamba stepu 12 kwa kasi ya 3/4, na zote mbili zinamaliza mzunguko kwa pamoja: nne na tatu ndani ya muda mmoja, bila kudanganya. Kisha unaiambia mashine kigelegele kisikike mara moja tu katika kila mizunguko minne. Hapo mdundo unaanza kupumua.

Kidole nacho. Kwenye kinanda cha kawaida cha kwaya ukikunja noti, yaani kuiteleza juu au chini, zote zinakunjwa pamoja. Kwaya haiimbi hivyo. Sauti ya pili hupanda taratibu huku besi imetulia palepale. Yamaha CS-80 ya miaka ya 1970 iliweza kusikia mgandamizo wa kila kidole peke yake, lakini ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 80. Kinanda cha Hydrasynth cha 2019 kilirudisha uwezo huo kwa bei inayofikirika, na MPE, kanuni ya mawasiliano ya vyombo vya kielektroniki iliyopitishwa 2018, inaipa kila noti njia yake, hivyo unaikunja moja na nyingine haziguswi. Kinanda cha Osmose cha Expressive E kinakwenda mbali zaidi: kibonyezo chenyewe unakitikisa kushoto na kulia. Mpiga zeze akikigusa ataelewa bila kufundishwa.

Kuna pia suala la upatanisho wa sauti, yaani kila noti ipangwe juu au chini kiasi gani. Vuka Mtera uingie kwa Wagogo, usikilize ilimba, chombo chao cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Noti zake zinafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja, na ile ya saba iko chini kwa takriban senti 31 ukilinganisha na iliyo karibu nayo kwenye kinanda, ambapo nusu-toni ni senti 100. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose aliipeleka milio hiyo duniani, na vinanda vyetu bado vinaikosea. Kinanda cha Korg Monologue cha 2016 kinakuruhusu kupanga upatanisho wako. DX7II, mrithi wa DX7, iliruhusu tangu miaka ya 1980. Najiuliza kwa nini kitu hiki bado kinachukuliwa kama pambo.

Wapo watakaosema yote haya FL Studio, programu ya kompyuta ya kutengeneza muziki, inafanya. Kweli inafanya, na kazi zangu huishia kwenye kompyuta. Ila wanakwaya wakiwa wamesimama mbele yako, kusogeza kofi kwa kitufe huku wakiendelea kuimba ni tofauti na kutafuta kwa mausi. Na umeme ukikatika, mashine ya Novation Circuit Tracks inaendelea na betri yake.

Ninachokisubiri ni mashine ya bei ya kati inayopokea makofi yanavyopigwa, ikajifunza mzunguko wake yenyewe bila kuuliza ni stepu ngapi, na ikakubali upatanisho wa ilimba kwenye traki moja huku kinanda kikibaki kilivyo kwenye nyingine. Kwa sasa makofi nayapanga kwenye Digitakt, na ilimba nairekodi kwa maikrofoni.