Sarafu ya fedha ya Roma: ikiwa ya kale ndo lazima iwe ya bei mbaya?

Watu wengi wanaamini sarafu ya fedha yenye miaka 1,800 lazima iwe adimu na ya mamilioni. Inaeleweka kabisa, maana kitu kimekaa miaka yote hiyo, utakosaje kudhani hivyo?

Chukua denario, yaani sarafu ya fedha ya Waroma, yenye picha ya mke wa kaisari, ya mwanzoni mwa miaka ya 200. Upande mmoja kuna mama amesukwa nywele za mawimbi, pembeni jina na cheo chake, IVLIA AVGVSTA, yaani Julia Augusta (hiyo V ndo U yao), ukigeuza unakuta mungu wa kike Juno ameshika kisahani cha tambiko na fimbo ya enzi, na tausi miguuni pake. Mi naona ni nzuri mno! Ila zilipigwa chapa kwa mkono kwa wingi sana, watu wakazifukia kwenye vyungu, na mpaka leo zinafukuliwa, kwa hiyo nyingi si adimu. Halafu fedha yenyewe kipindi hicho ilikuwa karibu nusu tu, iliyobaki ni shaba.

Kucheki mwenyewe inawezekana. Pima kwa mizani ya sonara, inatakiwa gramu 3 na kitu, kisha angalia ukingo kwa lenzi, ukiona mstari wa kuunganishia au vijitundu vya povu basi huenda imemiminwa kwenye kalibu, feki hiyo. Linganisha na picha za makumbusho mtandaoni, na bei tazama zilikouzwa kweli mnadani, sio bei anayotaja muuzaji. Na tafadhali usiisugue kwa dawa ya meno, utaiharibu.