Akikoroma Hivyo, Msimwache Alale

Kauli inayotuumiza sana sisi tunaopokea wagonjwa usiku ni hii: "Tulidhani amelala." Wenzake wamemwona anakoroma pembeni ya muziki, wakamfunika shuka, wakarudi kucheza. Kumbe mtu aliyetumia unga, yaani heroini, au aliyechanganya tramadol (dawa ya maumivu) au valiamu (dawa ya kutuliza) na pombe, akikoroma kwa kukwamakwama, koo limelegea na ulimi unaziba njia ya hewa. Pumzi zinapungua kidogokidogo mpaka zinakatika.

Mwite jina lake kwa sauti. Msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipozinduka, hesabu pumzi zake dakika nzima: chini ya 12 ni hatari. Mfunue midomo utazame kwa ndani, utazame na kucha, maana kwa ngozi zetu nyeusi ubuluu huonekana huko kwanza. Anayepumua mlaze ubavu, mwinulie kidevu, na abaki mtu naye. Maziwa na ndimu acheni kabisa. Asiyejitambua akinyweshwa, kinywaji huingia mapafuni.

Vidonge vya ekstasi vina balaa lake jingine, nalo ni joto. Dawa hupandisha joto la mwili, na humsahaulisha mtu kiu na uchovu. Fikiria sasa umati unaocheza kwenye fukwe zetu za Zanzibar, Kendwa au Paje, msimu wa kaskazi, wakati hata usiku hewa ni ya moto. Joto la mwili likipita nyuzi 40, misuli huanza kuharibika na figo hufuata. Ukimwona mwenzako anawaka moto, anaongea yasiyoeleweka au amekaza taya, mtoe kwenye watu, mvue shati, mlowanishe maji na mpepee. Barafu iwekwe makwapani. Na asinyweshwe maji lita kwa lita, kwani ekstasi huzuia mwili kuyatoa, chumvi ya damu ikashuka na ubongo ukavimba.

Wengi huzidisha kwa kukosa subira. Kidonge huchukua nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi; kijana anaona hakuna kitu, anameza cha pili, vyote viwili vinamshika pamoja. Tena hakuna ajuaye kwa macho ndani ya kidonge mna nini. Kokeini nayo ikikutana na pombe, ini hutengeneza kemikali ya tatu inayozidi kuubebesha moyo mzigo.

Najua kinachowachelewesha: hofu ya polisi, hofu ya wazazi, aibu ya mtaani. Lakini mgonjwa wa unga ana dakika chache tu. Kimbilieni hospitali: kaskazini Kivunge, kusini Makunduchi, mjini Mnazi Mmoja. Mwambieni daktari ukweli: ametumia nini, saa ngapi, na pombe kiasi gani. Dawa ya naloksoni huirudisha pumzi ya aliyezidisha unga ndani ya dakika chache, ila nguvu yake huisha mapema kuliko unga wenyewe, kwa hiyo akiamka msimruhusu aondoke. Aliyekwisha kunaswa na unga, methadoni, dawa ya kumsaidia kuuacha, inatolewa hospitali ya Kidongo Chekundu tangu 2015.

Na tafadhalini, msimpakie kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Kichwa huinamia kifuani na hewa iliyobaki hufungika. Tafuteni gari, alazwe ubavu kiti cha nyuma, na mmoja akae naye akimsikiliza pumzi njia nzima.