Pengo la utajiri: hesabu ya asilimia na maua ya pareto

Wanafunzi wangu wa uchumi hapa Nakuru hawachoki kuuliza: ikiwa Kenya inakua kwa asilimia 5 na Marekani kwa asilimia 2, mbona bado tunaachwa?

Chukua kalamu. Pato la Mkenya kwa mwaka ni kama dola 2,000, la Mmarekani limepita 80,000. Asilimia 5 ya letu ni dola 100. Asilimia 2 ya lao ni dola 1,600. Basi katika mwaka huohuo tunaojisifu, pengo limepanuka kwa dola 1,500. Na hapo nimetupendelea, maana idadi ya watu wetu inaongezeka haraka, na kila mtu anabaki na chini ya hizo 100.

Hesabu hiyo haisemi ni kwa nini wao walianza mbali. Kwa hilo mimi huwaambia watazame pareto, ua lenye sumu ya kuua wadudu. Kwa miongo mingi zaidi ya nusu ya pareto ya dunia ilitoka Kenya, nyingine ikichumwa Molo na kusindikwa papa hapa mjini. Sisi tulikuwa na ua; maabara ya kemia yalikuwa kwingine. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, walitangaza permethrini, dawa ya wadudu iliyoiga sumu ya ua hilo lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Dawa za jamii hiyo ndizo zilizotiwa kwenye vyandarua wanavyolalia watu wa Kisumu. Ua likauzwa kwa kilo, na kila kilo ilidai shamba na mikono mipya. Ujuzi ukishapatikana, huzalisha tani na tani bila kuchoka. (Ndiyo, mkulima alivunjwa moyo pia na malipo yaliyocheleweshwa miaka. Hilo ni kosa letu, tusimsingizie mtu.)

Kisha kuna bei ya mtaji, yaani riba unayolipa ukikopa. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili kulipia deni la 2014 lililokuwa la asilimia 6.875. Wakati huo serikali ya Marekani ilikopa kwa kama asilimia 4. Nyumbani, benki zilipata karibu asilimia 16 kwa kuikopesha serikali tu, kwa hiyo mwenye kiwanda cha samaki Kisumu aliyetaka mashine mpya alidaiwa riba ya juu zaidi, huku mshindani wake wa Ulaya akikopa kwa chini ya nusu ya hiyo.