Nani anakuwashia?

Nikiingia nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi hapa Tanga, tukishamaliza kuamkiana, nina swali ambalo huwashangaza wenyeji: sigara nani anamwashia?

Nauliza kwa sababu ya mkono. Kazi yangu ni fiziotherapia, na aliyepooza upande mmoja hapigi kiberiti kirahisi. Kasha linataka mkono huu, njiti mkono ule. Akiendelea kuvuta, mara nyingi yuko anayemsaidia. Mzee mmoja wa Ngamiani, fundi baiskeli, alikuwa akiwashiwa na mjukuu, ambaye pia ndiye aliyetumwa dukani kununua moja moja. Vidole vya kulia vilikuwa na malengelenge. Sigara ilimchoma, mwenyewe hasikii kitu.

Mkewe akaniambia, "Mwanangu, hata hicho tumnyime? Amebakiwa na nini?"

Nilimwelewa, lakini nilimweleza. Nikotini hubana mishipa na kupandisha presha palepale. Moshi huifanya damu igande upesi. Kaboni monoksaidi, gesi iliyomo katika moshi huo, nayo hung'ang'ania chembe nyekundu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo damu inafika ubongoni mikono mitupu, kwenye ubongo ambao ndio kwanza umetoka kuikosa. Kaboni hiyo, mtu akiacha, hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili tu.

Wako wanaoamka na kiharusi hamu imekwisha kabisa. Familia husema ni Mungu, nami sibishi. Ila mwaka 2007 Nasir Naqvi na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba wavutaji walioumia sehemu ya ubongo iitwayo insula waliacha kwa wepesi kuliko walioumia kwingine, hata hamu isiwarudie. Zamani niliwatolea wengine mfano wa watu hao: "Mbona fulani kaweza?" Siku hizi sisemi. Ni uonevu.

Fundi wangu hamu anayo tele. Aliacha sigara akahamia tambuu yenye tumbaku, nikotini ileile kupitia mlango wa uani! Tukaanza upya. Saa yake ngumu ni ya kahawa ya jioni, basi saa hiyo mjukuu humletea bao badala ya kiberiti, na sharti ni komwe zote azisogeze kwa mkono wa kulia.

Juzi nimewakuta barazani. Komwe tatu zilikuwa zimedondoka chini, na mzee anamgombeza mjukuu kwamba kamwibia.