Jenerali Dodds, mzaliwa wa Senegal aliyeiangusha Dahomey

Ukisoma historia ya vita vya kikoloni vya Ufaransa katika karne ya 19, majina yanayojirudia ni Bugeaud wa Algeria, Faidherbe wa Senegal, Archinard wa Sudan ya Kifaransa na Gallieni wa Madagaska. Mimi nikiambiwa nichague ofisa mmoja tu wa kumweleza msomaji vita vile vilipiganwaje, ninamchagua Alfred Amédée Dodds. Alizaliwa tarehe 6 Februari 1842 Saint-Louis, mji wa kisiwani kwenye mlango wa mto Senegal. Miaka 50 baadaye aliongoza jeshi lililouangusha ufalme wa Dahomey, katika nchi ambayo leo ni Benin.

Kazi yangu ni historia ya kijeshi ya Afrika Magharibi, na kuna maelezo ambayo yamenichosha: kwamba Wazungu walikuwa na bunduki bora, Waafrika wakawa na mikuki, basi mambo yakaisha. Dahomey ilikuwa na bunduki, tena nzuri. Iliangushwa na mtu aliyejua mito, majira ya mvua na ugomvi wa majirani, na maarifa hayo aliyapata kwa kuzaliwa na kuishi Afrika. Ndiyo maana maisha ya Dodds yananishughulisha kuliko ya maofisa waliotoka Paris.

Tuanzie Saint-Louis. Wafaransa walikuwa wamekaa pale tangu karne ya 17, na wafanyabiashara wao walioa wanawake wa mji, wengi Wawolofu. Wanawake hao, walioitwa signare, walimiliki nyumba, mashua na watumwa, na watoto wao wakawa tabaka la machotara lililoshika biashara ya mto. Dodds alitoka katika familia ya aina hiyo. Jina lake la ukoo limetokana na babu mwenye asili ya Uingereza. Watu wa tabaka hili walikuwa Wakatoliki, walizungumza Kifaransa na Kiwolofu, na walijiona raia wa Ufaransa kabisa. Mwaka 1848 mji huo ulipompeleka mbunge wake wa kwanza Paris, aliyechaguliwa alikuwa chotara, Durand Valantin. Kwa hiyo kijana Dodds alipoingia chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr mwaka 1862 hakuna aliyeona kuwa amevuka mpaka wa ajabu. Alikuwa mtoto wa wakubwa wa koloni anayepanda ngazi iliyokuwapo tayari.

Alihitimu mwaka 1864, akaingia jeshi la wanamaji wa nchi kavu. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kikosi hicho hakikuwa chini ya Wizara ya Vita. Kilikuwa chini ya Wizara ya Majini, na kazi yake kubwa ilikuwa kulinda na kupanua makoloni. Ofisa wake aliishi maisha ya kuhamahama: leo Réunion, kesho Senegal, keshokutwa Indochina. Homa ziliwamaliza wengi, nafasi zikabaki wazi, na aliyepona alipanda cheo upesi. Dodds alipona. Alihudumu Réunion, kisha mwaka 1870 akajikuta Bazeilles, karibu na Sedan, ambako wanamaji hao walipigana na Wajerumani nyumba kwa nyumba hadi risasi zikaisha. Gallieni naye alikuwa hapohapo, luteni mpya. Wote wawili walitekwa, lakini Dodds alitoroka na kurudi vitani.

Baada ya hapo ni Senegal kwa miaka mingi, na katikati yake vipindi vya Indochina. Kampeni za Senegal zinahitaji umakini, kwa sababu pale ndipo alipojifunza mbinu aliyoitumia baadaye. Mwaka 1890, akiwa kanali, aliongoza kikosi hadi Yang-Yang, makao ya Alboury Ndiaye, mfalme wa Jolof. Alboury hakusubiri kuzingirwa. Aliondoka na watu wake kuelekea mashariki na kujiunga na Ahmadou, mtawala wa dola ya Watukulor. Wafaransa wakaweka mfalme mwingine, Samba Laobé Penda, mtu wa ukoo huohuo wa kifalme. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Futa Toro, nchi ya bonde la mto Senegal, kumtafuta kiongozi wa huko, Abdoul Bokar Kane. Utaona mpangilio wake: kikosi kinachotembea haraka wakati wa kiangazi, askari wengi wazawa, mshirika wa karibu anayegombania kiti, na mtawala mpya aliyeandaliwa kabla ya yule wa zamani kutoweka.

Askari wenyewe walikuwa akina nani? Sehemu kubwa walikuwa watirayeri wa Senegal, kikosi kilichoundwa mwaka 1857 wakati wa Faidherbe. Wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa kwa fedha ya kujiandikisha jeshini, na baadaye wengi walitoka kwa Wabambara wa bara. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hali hii. Mjerumani Wissmann alipokuja pwani yetu mwaka 1889 kupigana na akina Abushiri alikuja na Wasudani aliowaandikisha Misri. Maofisa Wazungu wa vita hivi walikuwa wachache sana kuliko tunavyodhani.

Sasa Dahomey. Ufalme huu wa Wafon, wenye makao Abomey, ulijijenga kwa vita na biashara ya watumwa, na ulikuwa na bandari yake Ouidah. Kusini-mashariki kulikuwa na Porto-Novo, mji wa mfalme Toffa, ambaye alijiweka chini ya ulinzi wa Ufaransa kwa kuwaogopa jamaa zake wa Abomey. Mwishoni mwa 1889 mfalme Glèlè alifariki na mwanawe akatawazwa kwa jina la Béhanzin. Ugomvi ulihusu Cotonou: Wafaransa walidai wamepewa kwa mkataba, Abomey ikasema hakuna mfalme anayeweza kugawa ardhi ya mababu. Walipigana mwaka 1890, kisha tarehe 3 Oktoba wakaandikiana mkataba Ouidah, Ufaransa ikakubali kulipa faranga 20,000 kwa mwaka kwa ajili ya Cotonou. Béhanzin alitumia utulivu huo kununua silaha kwa wafanyabiashara wa Kijerumani pale Ouidah: Winchester, Mannlicher, hata mizinga ya Krupp. Sehemu ya malipo ilikuwa mateka, waliopelekwa kufanya kazi katika makoloni kama Kameruni. Hili ninalisema waziwazi kwa sababu kumwenzi Béhanzin kusitufanye tuwasahau watu waliouzwa ili bunduki zile zinunuliwe.

Machi 1892 boti ya Kifaransa iliyombeba mwakilishi wao Victor Ballot ilipigwa risasi ikiwa mto Ouémé. Paris ikaamua vita, na kanali Dodds akapewa amri. Alifika Cotonou mwishoni mwa Mei.

Uamuzi wake wa kwanza ndio uliobeba kampeni nzima. Kutoka Ouidah kuna njia iliyonyooka kwenda Abomey kupitia Allada, lakini njia hiyo inakatwa na Lama, bonde la udongo mweusi ambalo mvua ikinyesha hugeuka tope la kumeza mizinga. Dodds aliiacha. Alichagua kupanda na mto Ouémé, upande wa mashariki, ingawa ni kuzunguka. Mto huo hujaa Septemba na Oktoba, na ukijaa, boti ndogo zenye mizinga zinaweza kupanda mbali bara zikibeba chakula na risasi na kurudisha majeruhi. Toffa alitoa wapagazi kwa wingi. Kwa hiyo jeshi la watu zaidi ya 2,000, likiwa na askari wa Jeshi la Kigeni (kikosi cha Ufaransa cha watu wa mataifa mengine), wanamaji, watirayeri wa Senegal na Wahausa, lilisafiri likiwa na ghala lake mtoni kando yake. Mtu aliyekulia Saint-Louis, mji unaoishi kwa mto, alilijua hilo kabla ya kufundishwa chuoni.

Alfajiri ya tarehe 19 Septemba Wadahomey waliivamia kambi ya Dogba. Walikuwa maelfu, wakaja karibu sana kabla ya kugunduliwa. Meja Faurax wa Jeshi la Kigeni alipata jeraha lililomuua. Shambulio lilirudishwa kwa bunduki za Lebel, ambazo baruti yake haitoi moshi, na kwa mizinga ya boti. Mwanzoni mwa Oktoba kikosi kilivuka mto na mapigano yakawa ya karibu kila siku: Poguessa tarehe 4, Adégon tarehe 6. Pale Adégon Wafaransa walishambulia kwa singe, na singe ya Lebel ilikuwa ndefu kuliko panga za wapinzani wao.

Agojie, wanajeshi wanawake wa mfalme, walikuwa mstari wa mbele katika vita hivi. Filamu na magazeti ya siku hizi huwapamba mpaka wanakuwa viumbe wa hadithi, na mimi naona wanapunjwa kwa namna hiyo. Walikuwa askari wa kawaida wenye mafunzo makali, waliosonga mbele pale wengine waliporudi nyuma, na maofisa wa Kifaransa waliokutana nao waliandika hivyo kwa heshima. Walichokosa ni mafunzo ya kulenga kwa bunduki mpya. Maofisa haohao waliona risasi nyingi zikipita juu ya vichwa vyao. Kununua bunduki ni kazi ya miezi, lakini kuzalisha mlengaji na fundi wa mizinga huchukua miaka, na Béhanzin hakupewa miaka.

Kilichokaribia kumshinda Dodds kilikuwa kiu. Baada ya kuuacha mto na kugeuka magharibi kuelekea Cana, mji ulio karibu na Abomey, boti hazikuweza kumfuata. Karibu na Akpa, katikati ya Oktoba, maji yaliadimika, majeruhi na wagonjwa wakajaa, na mto Koto uliokuwa mbele ulilindwa vikali. Alijaribu, akashindwa kuvuka, akarudi nyuma Akpa kusubiri nyongeza ya watu na vifaa. Ofisa mwenye tamaa ya sifa angesukuma mbele na kumaliza jeshi lake hapo. Yeye alingoja, kisha akasonga tena mwishoni mwa mwezi. Mwanzoni mwa Novemba Cana ilianguka. Béhanzin akaomba mazungumzo. Dodds akadai fidia kubwa na silaha, mfalme akaleta sehemu ndogo tu. Tarehe 17 Novemba 1892 jeshi liliingia Abomey na kukuta majumba ya kifalme yanaungua, yametiwa moto kwa amri ya mfalme mwenyewe aliyekwisha kukimbilia kaskazini. Dodds alikuwa amepandishwa cheo kuwa jenerali siku chache kabla. Katika kampeni hiyo maradhi yaliua watu wake wengi kuliko risasi.

Mwaka 1893 alipokewa Ufaransa kama shujaa, kisha akarudi kumaliza kazi. Mbinu ya Jolof ikatumika upya: Januari 1894 Agoli-Agbo, wa ukoo wa mfalme, akawekwa kitini, na siku chache baadaye Béhanzin akajisalimisha. Akapelekwa Martinique. Baada ya miaka 12 alihamishiwa Algeria, akafa huko Desemba 1906. Agoli-Agbo naye aliondolewa na Wafaransa mwaka 1900 na kupelekwa Gabon. Huku kwetu Afrika Mashariki, Oktoba ya mwaka uleule wa 1894, Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga, wakiwa na mizinga na jeshi lenye askari wengi Waafrika.

Dodds aliendelea kupanda: mkaguzi mkuu, kamanda Indochina, mjumbe wa Baraza Kuu la Vita. Alifariki Paris mwaka 1922. Watu hutaka kujua kama rangi yake ilimsumbua au kumgawa moyo. Ninachokiona katika maisha yake ni mtu aliyeitumikia Ufaransa bila kusita tangu ujana hadi uzee. Kumwita msaliti wa Afrika ni kumvika utii ambao hakuwahi kuudai. Kwake Wafon walikuwa wageni kama walivyokuwa kwa mtu wa Lyon. Lakini hilo halimwondolei dhamana ya alichokifanya.

Na alifanya jambo moja ambalo bado linatuhusu. Kutoka Abomey alichukua viti vya enzi, milango ya kuchongwa ya jumba la Glèlè, na sanamu kubwa za mbao za wafalme: Ghézo kama mtu-ndege, Glèlè kama mtu-simba, Béhanzin kama mtu-papa. Alivitoa kwa makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1893 na 1895, na vitu vya vita vikaanza kuitwa zawadi ya jenerali. Mwaka 2020 bunge la Ufaransa lilipitisha sheria maalumu, na Novemba 2021 vitu 26 vilirudi Cotonou. Sanamu ya chuma ya Gou, mungu wa chuma na vita, iliyochukuliwa Ouidah na ofisa mwingine katika vita hivyohivyo, haikuwamo katika orodha hiyo. Patrice Talon, rais wa Benin wakati huo, aliitaja kwa jina palepale Paris, siku ya kukabidhiwa vile 26, na mimi naungana naye: haikutolewa na mtu yeyote mwenye haki ya kuitoa, na irudishwe.